Harusi ya Amparo Zertuche

Amparo Zertuche alizaliwa ng'ambo, Texas, wakati mama yake akivuna vitunguu kwenye mashamba ya huko. Alipofikia umri wa kuanza shule, baba yake alifukuzwa nchini, na familia nzima ikamfuata huku kwetu Piedras Negras, upande wa Meksiko. Kati yetu na Marekani kuna mto na daraja tu, lakini Amparo hakurudi tena kuishi kule. Nilimfahamu kiwandani, tukishona viti vya magari, mashine yake ikipakana na yangu. Siku moja nilimwuliza mbona hatumii uraia wake.

"Delfina," akacheka, "uraia ukiuacha muda wote huo si unachacha kama maziwa?"

Aliamini hivyo kweli. Na mimi nikaamini.

Alikaa na Gilberto Recio bila ndoa, kama wengi wetu. Wakamzaa Yadira, nami nikawa mama yake wa ubatizo. Mama yake Gilberto, Doña Chole, hakumpenda yule mtoto. "Huyu kaingilia mlango wa nyuma," alikuwa akisema mbele za watu, mtoto mwenyewe akitambaa miguuni pake. Mimba ya pili ilipoanza kuonekana, akagoma kukaa meza moja na Amparo. "Padri yupo, ofisi ya ndoa ipo. Mnangoja nini? Sitaki mjukuu mwingine wa kuokota."

Amparo akaolewa, gauni likimbana tumboni. Erasmo akazaliwa ndani ya ndoa, na bibi yake akamfanya wake. Pakichomwa mbuzi, figo ni la Erasmo. "La mtoto wa halali hilo," Doña Chole alisema, na Yadira alikula kinachobaki, uso umekunjamana. Hivyo ndivyo walivyokua, damu moja, nyumba moja.

Gilberto alikufa kwa ugonjwa wa moyo watoto wakiwa wameshakuwa watu wazima. Ni Yadira aliyesikia kwa wenzake kazini kwamba mama mzaliwa wa Marekani huweza kuwarithisha watoto uraia hata wakizaliwa nje. Wakaenda wote watatu ubalozi mdogo wa Marekani, na mimi nikawasindikiza. Erasmo alivaa shati lake la kwendea harusini.

Afisa alikuwa mwanamke mpole. Aliuliza Amparo aliishi Marekani muda gani, kisha akauliza, "Mama, ulikuwa umeolewa alipozaliwa binti?"

Amparo akainamisha kichwa. "Hapana, bibie. Nisamehe."

"Na alipozaliwa kijana?"

Hapo akanyanyua uso. "Nilikuwa nimeolewa! Kanisani na serikalini."

Yule afisa akaeleza. Kwa sheria ya wakati waliozaliwa watoto hao, mama Mmarekani asiye na ndoa alitakiwa awe ameishi kule mwaka mmoja tu mfululizo. Aliyeolewa na mgeni alitakiwa miaka mitano, na miwili kati ya hiyo iwe baada ya kutimiza kumi na minne. Amparo aliondoka kule akiwa mtoto mdogo.

"Uraia wako, mama, upo palepale. Binti ni Mmarekani tangu siku aliyozaliwa, na Umeksiko wake anabaki nao. Kijana si Mmarekani."

"Baba mmoja, mama mmoja!" Erasmo akasema.

"Najua, kaka. Ungekuwa hujafika ishirini na moja, mama angehamia kule akuombee, usingengoja sana. Sasa ni foleni. Kwa Wameksiko huenda ikafika miaka ishirini."

Erasmo alikuwa amevuka umri huo mwaka uliotangulia.

Nyumbani, Doña Chole aliuliza kulikoni. Yadira ndiye aliyemjibu. "Yule wa mlango wa nyuma amefunguliwa mlango wa mbele, bibi. Wa halali atangoja barazani."

"Mimi nilitaka heshima tu," bibi akasema.

"Heshima yako nitaila na tortilla?" Erasmo akamjibu. Amparo akampiga kofi. Sikuwahi kumwona akimpiga mwanawe kabla ya siku hiyo, wala baada yake.

Amparo na Yadira wakahamia San Antonio, wakawa wanasafisha vyumba hotelini. Amparo akamwombea mwanawe, jina likaingia kwenye foleni. Hazikupita Krismasi nyingi, akaanza kukonda. Ilikuwa saratani ya kongosho, na madaktari hawakuficha kitu.

Yadira akampigia simu mdogo wake. "Njoo sasa hivi, mama anakutaja kila saa. Darajani wakikuuliza, sema kama ninavyosema mimi: raia wa Marekani. Usibabaike. Kwani wewe si mwana wa mama yangu?"

Erasmo akaazima gari, akaenda mchana kweupe. Mlinzi alipomwuliza, akasema yale maneno kwa Kiingereza alichokariri njia nzima. Mlinzi akauliza alizaliwa mji gani. Erasmo akaitazama mikono yake kwenye usukani.

"Ungesema huna ruhusa, tungekurudisha tu," walinzi walimwambia baadaye kwenye chumba cha mahojiano. "Lakini umejidai raia. Hilo halisameheki, hata foleni yako ikifika."

Amparo alifariki wiki hiyohiyo. Alikuwa ameomba azikwe kwetu, kwa hiyo jeneza likavuka daraja, na Erasmo akalipokea upande huu.

Waliporudi kutoka makaburini alimwambia dada yake, "Wewe ndiye uliyenifundisha lile neno."

"Nilitaka umwone mama!"

"Kwako ni kweli. Kwangu limekuwa kosa la maisha."

Tangu hapo hawasemezani. Yadira huja Siku ya Wafu na maua yake asubuhi, Erasmo huenda jioni.

Doña Chole bado yu hai, hawezi kutembea. Anayemwogesha na kumlisha ni Erasmo, kwa kuwa hakuna mwingine. Juzi bibi alinishika mkono, akaniuliza kama Amparo alimsamehe ile harusi. Nikamwambia Amparo hakuwahi kuitaja hata mara moja. Ilikuwa kweli, lakini kwa jinsi alivyouachia mkono wangu, niliona kwamba angependelea niseme Amparo alimtukana kwa ajili yake.