Vyura wa Baba

Baba yangu hapandi mahindi kwa kalenda wala kwa redio. Hupanda vyura wakilia. Si chura mmoja aliyepotea njia, bali wale wadogo wa kinamasi kilicho chini ya shamba letu, Shinyalu. Huanza jioni masika yakishakolea, sauti zao nyembamba kama vijiko vinavyogongana ndani ya karai. Na kwetu mtoto hapandi kabla ya baba yake. Kwa hiyo mwaka huu, majirani walipokuwa tayari wanapalilia, shamba letu lilikuwa tupu, na kaka yangu, ambaye watoto wake wanakula kutoka shamba hilohilo, alikuwa amekalia gunia la mbegu.

Mama alinipigia simu Shirere, ninakopanga chumba.

"Kuja uongee na baba yako," akasema. "Anaenda huko chini kila jioni, anarudi anasema vyura hazijalia. Mwezi wa nane tutakula obusuma ya unga wa kununua."

Nilifika nimekasirika, na hasira yangu ilimlenga kaka. Ni yeye aliyepanda mikaratusi kando ya kinamasi, nami niliamini, kama baba alivyoamini, kwamba miti hiyo imefyonza maji yote na kuwaua vyura. Nilimgombeza kabla hata sijanywa chai.

"Si wanasema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji?" akanijibu. "Hapa kwetu kunyamaza kwa chura ndiko kunatuzuia kula."

Jioni hiyo nilivaa gambuti za mama nikateremka na baba. Nyumba iko juu, kando ya barabara ya pikipiki ambazo kelele zake humeza sauti za kinamasini, na sisi wengine hatuna shughuli kule chini. Nilitaka kuona chura mmoja tu, nipate la kumshawishi. Nilipangua mafunjo. Maji yaliingia kwenye gambuti ya kushoto, ambayo mama hakunitajia kwamba imetoboka. Nilipata kaa chini ya jiwe, nikamfukuza ndege aliyekuwa akivizia chakula chake, kisha, penye maji yaliyotulia, nikaona ute wenye nukta nyeusi, na viluwiluwi wakipepesa mikia.

Baba aliinama akatazama.

"Zimetaga," akasema. "Zimetaga bila kulia. Hii ni mambo gani, mama?"

Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Nilimwambia labda siku hizi vyura wanaoana kimya kimya, kama vijana wa mjini. Hakucheka.

Tukasimama tukingoja giza liingie. Mmoja alianza karibu na mguu wangu. Mwingine akamjibu, na punde kinamasi chote kilikuwa kinalia hadi masikio yakaniuma. Nilifurahi kama mtoto. Nikamgeukia baba. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono nyuma ya sikio, vile vile alivyosikiliza tangu nikiwa mdogo.

"Unaona?" akasema. "Hakuna kitu."

Kwanza nilidhani ni ubishi. Baba yangu ni mbishi, na mimi nimeurithi wote, kwa hiyo nilikaribia kumfokea. Lakini usoni hakuwa na ubishi, alikuwa na huzuni ya mtu anayemngoja mgeni asiyefika. Nikakumbuka simu iliyolia mezani kwake Krismasi naye asigeuke, na wajukuu ambao siku hizi analalamika kuwa wananong'ona. Woga ulinishika. Sote tulikuwa tumeyaona hayo, na tukayapita.

Sikujua nitamwambiaje. Niliwasha tochi ya simu nikammulika mmoja aliyeng'ang'ania jani la funjo, mdogo kama ukucha wa kidole gumba, koo limevimba kama puto la bablishi linalopulizwa. Likanywea, likavimba tena. Baba alilitazama koo lile kwa muda mrefu, kisha akanitazama mdomoni.

"Inalia?"

"Inalia, baba." Nilipaza sauti. "Zote zinalia."

"Tangu lini?"

Nilimwambia sijui, pengine tangu mvua ya kwanza. Aliangalia upande wa mikaratusi, ile aliyokuwa ameapa kuikata. Kisha akajipangusa matope mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Ambia ndugu yako apande kesho," akasema. "Asiningoje."

Kwetu sijawahi kusikia mzee aliye hai akitamka hivyo. Nilitaka kumwambia kuna madaktari wa masikio, kuna vifaa, tutaenda mjini wiki hii, lakini alikuwa ameshaanza kupanda kilima. Nilimshika mkono penye utelezi naye akaniacha nimshike, jambo ambalo si la kawaida yake, na likaniumiza kuliko maneno.

Karibu na zizi alisimama.

"Bado zinalia?"

"Bado, baba."

Akageuka kuelekea kinamasini, akaweka mkono nyuma ya sikio, akasimama pale.