Naiman ya Bi Zannuba

Simu ilipolia, Bi Zannuba alikuwa hajamaliza chai yake. Alikuwa ni Mama Rifaat, jirani wa nyuma ya kiwanda cha nguo, anahema.

"Njoo, dada yangu! Binti yangu Inshirah anaolewa kesho, na ile mashine yao ya mwanga ya kuondoa vinyweleo huko mjini imekufa jana. Bado unapika halawa?"

Bado anapika? Bi Zannuba alikata simu akacheka peke yake jikoni. Miaka thelathini na tano, hakuna bibi harusi wa mtaa huo wa Mahalla aliyekwenda kwa mumewe bila kupita mikononi mwake na kunyofolewa vinyweleo kwa halawa yake ya sukari. Kisha zikaja mashine, na sasa mwaka na nusu hakuna aliyegonga mlango. Binti zake walimwambia, mama, pumzika. Pumziko lenyewe hakulitaka. Alitaka kusikia tena lile neno la baraka analoambiwa mtu aliyetoka kuoga au kunyolewa, "Naiman!", mama mkwe alitamke mbele ya wanawake wote. Akilitamka, vigelegele. Akinyamaza, mpambaji hukusanya vyake, na haitwi tena.

Akabandika sukari, ndimu na maji kidogo. Halawa haitaki pupa, naye siku hiyo alikuwa na pupa ya msichana. Sufuria ya kwanza ikawa jiwe. Ya pili ikatoka rangi ya asali, inavutika, inang'aa. Akaitia bakulini akatoka mbio, na kwa mara ya kwanza maishani akasahau kujitazama kwenye kioo.

Kwa Mama Rifaat ngoma ilikuwa inadundwa, sharbati nyekundu inazunguka, na katikati ya wanawake kakaa Hajjat Fikriya, mama mkwe mtarajiwa, kama kadhi.

"Zannuba! Kumbe uko hai?"

"Niko hai, Hajjat, na mikono yangu ina nguvu kuliko ulimi wako."

Wanawake wakaangua kicheko. Hajjat hakucheka. "Basi anza na zile nyusi. Zimeshikana utadhani zimeoana zenyewe. Mwanangu kaposa mke, hakuposa askari."

Chumbani Inshirah alikuwa amekumbatia mto, macho mekundu.

"Miguu, sawa. Mikono, sawa. Hata haka kasharubu, toa," alisema. "Nyusi sitaki. Hizi ni za baba. Picha yake iliyobaki imefifia, Bi Zannuba. Nikitaka kumwona najitazama kwenye kioo."

"Na bwana harusi anasemaje?"

"Sabri? Anazipenda. Ni mama yake tu."

Bi Zannuba alikaa kitandani na bakuli lake mapajani. Nyusi zikibaki, Hajjat atanyamaza, na ndiyo mwisho wa mpambaji. "Mwanangu, unajua unaniomba nini?"

Inshirah aliinua uso amjibu, akamkodolea macho kidevuni. Kicheko kikamtoka na machozi yakiwa bado yanatiririka. "Bi Zannuba! Una ndevu!"

Mkono wa mama wa watu ukaruka kidevuni. Tatu, ngumu kama waya! Marehemu mumewe mwenyewe alikufa bila kuzijua. Aibu ikampanda hadi masikioni, kisha akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Alipotulia akafinyanga donge la halawa, akalibandika mguuni mwa Inshirah, akanyofoa.

"Aaah! Mama yangu!"

"Piga kelele, huko nje wanajua ni furaha."

Adhuhuri ilipoadhiniwa Inshirah alitoka, ngozi inateleza kama hariri, na nyusi za baba yake zipo pale pale. Ngoma ikakatika.

Hajjat alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku. "Na hizi? Umezisahau?"

"Sikuzisahau. Nimeziacha," alisema Bi Zannuba. "Hajjat, mimi ndiye niliyezinyofoa zako kwa uzi siku ya harusi yako. Mama mkwe wako alisimama mlangoni akisema, punguza, punguza tena. Nikapunguza. Hazikuota mpaka leo."

Hajjat alipandisha kidole, akagusa ule mstari wa nyusi aliouchora kwa wanja asubuhi.

"Nililia siku ile," alisema taratibu.

"Nakumbuka. Ni mimi niliyekushika kichwa."

Hajjat akamtazama tena Inshirah, safari hii kwa muda mrefu. Kisha akavuta pumzi. "Naiman, mwanangu."

Vigelegele vilipasua dari! Mama Rifaat alirukaruka hadi sharbati ikamwagika, na Bi Zannuba akajikuta anacheza na bakuli kichwani. Lakini Hajjat alikuwa ameshamsogelea, anamchungulia.

"Hebu simama. Ni nini hiki? Mpambaji mwenyewe ana ndevu?"

"Zitoe basi, zinaniwasha!"

Hajjat alichota donge la mwisho la halawa, akalibandika kidevuni bila huruma. "Tulia. Miaka thelathini na tatu naingojea zamu yangu."

Akanyofoa. Bi Zannuba alipiga yowe lililosikika mpaka kiwandani, na wanawake wote, Hajjat mbele yao, wakamjibu kwa sauti moja:

"Naiman!"