Mtunza Ngozi Asiyenitambua Dukani

Pale saluni ya ngozi nilipojiunga uanachama, anayenihudumia kila mwezi huketi nyuma ya kichwa changu, kwa hiyo sura yangu huiona juu chini. Hupasha viganja kwa taulo la moto, kisha huongea na uso, si na mimi. "Pole, shavu. Na wewe paji, nani kakuudhi tena?" Mimi hoi, raha tupu. Jana nilimkuta dukani, nikamsalimia kwa bashasha. Akanikodolea macho tu. Kisha akainamisha kichwa upande, akazidi kukipinda mpaka hereni ikalala begani. "Kumbe dada'angu!" Kidole gumba kikaja moja kwa moja kwenye paji langu, kikaunyoosha mkunjo. Nami, mbele ya foleni nzima, nikafumba macho.