Mahindi ya Mzee Nassor na Mashine Isiyokagua

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Kitengo alinionyesha mashine ya hesabu, ya pekee pale Tabora, akaniamuru ninawe mikono kabla ya kuigusa. Nikanawa. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, na ofisi yetu iligawa mahindi ya msaada kutoka ghala la serikali.

Ninyi wenye kompyuta mfukoni, nisikilizeni. Ndani ya mashine ile kulikuwa na mkalimani, yaani programu inayosoma agizo moja, inalitekeleza, kisha inasoma linalofuata. Kumbukumbu ilikuwa finyu. Tulitenga nafasi za kuweka idadi ya wakazi wa kila kijiji, na nafasi iliyofuata ilishika idadi ya magunia yaliyomo ghalani. Kabla ya kuandika namba yoyote, mkalimani alikagua kwanza kama haivuki mpaka wa nafasi zilizotengwa.

Ukaguzi ule ulichelewesha kazi, na Mkuu hakuwa mtu wa kungoja. Akamwagiza fundi kutoka Dar es Salaam auzime.

"Mzee, namba ikivuka mpaka itafuta kitu kingine," nilimwambia.

"Vijiji ni hivi hivi. Vitavuka viende wapi?"

Vilikuwa vikizaliwa kila uchao! Watu wakahamishwa, kijiji kipya kikaanzishwa upande wa Goweko, na Mkuu akakiongeza mwenyewe mwishoni, wakati nafasi zimeshajaa. Idadi ya wakazi wake ikaangukia juu ya idadi ya magunia. Ukaguzi ukiwa umezimwa, mashine haikutoa onyo lolote.

Karatasi ya mashine ikaonyesha magunia mengi kuliko yaliyokuwa ghalani, na polisi wakamchukua mtunza ghala, Mzee Nassor, kwa kuiba mahindi ambayo hayakuwahi kuwepo. Alikuwa Mwarabu wa Tabora, wa ukoo wa wafanyabiashara tangu enzi za misafara, na kwa wengi hilo lilitosha. Mimi nikalinganisha. Magunia yaliyodaiwa kuwamo ghalani yalikuwa sawasawa na wakazi wa kijiji kipya. Nikampelekea Mkuu hesabu hizo.

"Tukisema mashine imekosea, wataichukua," alisema bila kuniangalia.

"Na Mzee Nassor je?"

"Nassor ana ndugu wa kumtunza."

Nikaenda kwa Mkurugenzi, aliyekuwa juu yake. Haukupita muda nikahamishiwa Igunga kupima pamba, na huko ndiko nilikostaafia. Hasira ile haijanitoka.

Mjukuu wangu anasema wakalimani wa siku hizi hukagua mipaka wenyewe. Vizuri. Namuuliza nani ana ruhusa ya kuuzima ukaguzi huo, anacheka.

Mzee Nassor alipotoka gerezani nilimfuata nyumbani kwake. Nikamwamkia, nikamweleza yote, jinsi namba ilivyovuka na nani aliyejua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilijua sikuiba, mwanangu," akasema. "Mke wangu ndiye aliyekufa hajui."