Waliokataa kufungua bale bila mke wangu

Wakuu, niaje. Leo nawapa stori ya nyumba yangu mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa kando akisoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi siwezi.

Miaka ya tisini tuliishi mtaa wa Majengo. Mimi nachonga vinyago, mke wangu Mwikali anauza mitumba soko la Gikomba. Na huyo mwanamke alikuwa na jicho! Sweta iko chini kabisa ya rundo, anaivuta na kukuambia papo hapo kama imefumwa kwa mkono ama kwa mashine, na kama ni daraja la kwanza, safi, ama la pili, yenye kasoro. Mdomo nao, wacha tu.

Kwa wasiojua: akina mama wengi walikuwa wananunua bale, lile robota kubwa la mitumba, kwa kikundi. Kikundi cha Mwikali kilikuwa na sheria moja, kamba za bale hazikatwi mpaka wenyewe wote wawe wamesimama pale. Hiyo ni ili mtu asije akalalamika kwamba nguo nzuri zilitolewa mapema.

Basi Mwikali akaugua. Homa, kichwa, shingo ikakakamaa kama ubao. Hospitali wakasema ni homa ya uti wa mgongo. Alidungwa sindano mpaka nikawa naona uchungu mimi. Akapona, akarudi nyumbani, nikaenda kwa wauza mbuzi wa Kiamaiko nikaleta mmoja wa kusherehekea.

Kumbe aliyerudi ni mwili tu.

Alikaa kitandani anatazama ukuta. Hali chakula mpaka umbembeleze. Binti yetu Mueni akimwita, anageuka polepole, kisha anarudi kwa ukuta wake. Nikimuuliza anaumwa wapi, ananijibu, "Siumwi, Baba Mueni. Sitaki tu."

Wakuu, hapo niliogopa kuliko siku za homa.

Mtaa nao ukaanza. Mara amekuwa mvivu, mara amerogwa. Nikaziba masikio, nikamrudisha hospitali.

Tukapata daktari mmoja mama, mpole. Akaniambia, "Vijidudu tumeviua. Lakini ubongo uliwaka na kuvimba wakati wa vita hivyo, na kuwaka huko kunaweza kumwachia mtu huzuni nzito hata homa ikiisha. Hii huzuni ni ugonjwa, baba. Dawa itachukua wiki kadhaa, usimkatishe." Akasema pia asifungiwe ndani, arudishiwe kazi anayoipenda kidogo kidogo.

Nilitoka pale kifua mbele. Hatimaye nilikuwa na jina la kitu kilichomshika mke wangu!

Kaka yangu mkubwa, Musyoka, hakutaka kusikia. Dereva wa lori, mtu mzuri, lakini akishika jambo haachi. Akasema akirudi safari ya Kampala anampeleka Mwikali Ukambani kwa mganga, na hizo tembe zitupwe chooni. Ndugu wote wakamuunga mkono.

Nikamwambia tembe hazitupwi. Akasema huyo daktari amenikalia kichwani. Nikamjibu, basi wacha akae!

Safari ikachelewa, dawa ikaanza kushika. Mwikali akaanza kula. Siku moja akamsuka Mueni nywele bila kuambiwa. Lakini nje? Hapana. Ukitaja Gikomba anajifunika shuka.

Asubuhi moja Musyoka akabisha hodi. Amekuja kumchukua. Tumeanza kubishana hapo mlangoni nikasikia kelele za mkokoteni.

Ni Bi Zuhura, jirani yetu, mwenzake Mwikali wa kikundi, na wale akina mama wengine nyuma. Juu ya mkokoteni, bale nzima na kamba zake.

"Shoga," Bi Zuhura akaita, "hii imelala stoo tangu uugue. Hatukati bila wewe. Umekataa kuja Gikomba, haya, Gikomba imekuja!"

Yaani pesa zao zimefungiwa humo muda wote huo, na hawakugusa.

Mwikali akatoka, akaketi kwa stuli mlangoni. Wakakata kamba, nguo zikamwagika uwanja mzima. Bi Zuhura akainua sweta akasema hii ni ya mkono.

"Mashine hiyo," sauti ikatoka kwa stuli. "Angalia mshono wa kwapa."

Weee!

Mwikali akainuka, akaingia kwenye rundo mikono yote miwili. Akavuta koti zito, akamgeuza Musyoka, akampima mabegani.

"Shemeji, unataka kunipeleka nyumbani na hilo koti lako lililotoboka viwiko? Utaniaibisha. Chukua hili."

Musyoka akaomba bei ya familia. Akaambiwa familia hulipa papo hapo. Akalipa, akavaa, akaondoka peke yake.

Nililia, sifichi. Nililia kwa furaha mbele ya wanawake wote wa mtaa.

Hakupona siku hiyo, msinielewe vibaya. Alimeza dawa miezi mingi, na siku za ukuta zilirudi, zikapungua, mpaka zikaisha. Siku hizi nasikia watafiti wanachunguza kuwaka huko kwa ubongo hata kwa watu ambao hawakuugua kama yeye, na kwa watoto ambao ubongo wao unakua tofauti. Sio kila huzuni inatoka huko, lakini nilichojifunza ni hiki: mtu akinyamaza baada ya homa, usimwite mvivu. Mpeleke hospitali, na umwekee nafasi yake.

Kama jambo kama hili limewahi kuwakuta, mwageni hapa chini, tutasoma wote wawili.

Musyoka bado analo lile koti, analisifu kila Krismasi. Mwikali anasema sasa niwaambie ukweli: lilikuwa daraja la pili.