Niachie Upande Wangu wa Msumeno

Nakumbuka siku moja nilifunga mzigo wangu mchana kweupe, blanketi na sufuria, nikiwa tayari kumkimbia shemeji yangu. Mwanangu, wewe unayenung'unika kwamba bosi anakusimamia hadi unavyoshika kalamu, keti nikuambie. Hayo hayakuanza na nyie.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu ndiyo kwanza wamehamia vijijini. Kijiji chetu huku Sibwesa kilikuwa kimesimamisha kuta za shule, bado paa. Shemeji Gaspari, mume wa dada yangu, akakabidhiwa kazi ya kupasua mbao za mninga porini, nasi vijana tukamfuata kambini. Mvua zilikuwa karibu, na kuta zile zilikuwa za matofali mabichi. Zikinyeshewa bila paa, zimekwisha.

Gogo tuliliweka jukwaani juu ya shimo. Gaspari alisimama juu, mimi shimoni, msumeno kati yetu. Wa juu kazi yake ni kuinua na kufuata mstari. Wa chini ndiye anayevuta. Lakini Gaspari aliinua, kisha akasukuma, akitaka kunifanyia na kazi yangu ya kuvuta. "Vuta! Taratibu! Siyo hivyo!" Msumeno ukapinda, ukabana, lawama zikanishukia pamoja na unga wa mbao. Jioni alikuja kuonja ugali wangu kama umeiva. Hata kuni nilizofunga alizifungua akazifunga upya. Mtu mzima mimi, nina mke! Wenzangu walikuwa wameshaondoka kimyakimya kurudi kwao Usevya, na nikiondoka mimi, hapakuwa na wa kuingia shimoni. Nilimchukia, nakwambia kweli, japo alikuwa fundi hodari kuliko sisi sote. Ndipo nikafunga mzigo niwafuate wenzangu Usevya.

Mzee Maselino, mnoaji wetu wa misumeno, aliuona mzigo. Wala hakuacha kupiga tupa.

"Umemwambia?"

"Nimwambieje, babu? Mkubwa wangu, tena shemeji."

"Kwa hiyo utakwenda kuwaambia wanywa pombe wa Usevya, mwenyewe asijue? Na dada yako utamwambia nini? Nyie vijana mnamkimbia mtu ambaye hamjazungumza naye."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilirudi shimoni, nikasema nikitazama juu: "Shemeji, ukisukuma, msumeno unabana. Niachie upande wangu. Nikikosea, nigombeze ubao ukiwa chini."

Aliuachia msumeno, nikadhani nimefukuzwa. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kule Mpanda niliwahi kumwachia mtu gogo, akaliharibu, nikatukanwa mimi mbele za watu. Tangu hapo mikono yangu haitulii."

Kumbe ilikuwa hofu, mwanangu. Mimi nilikuwa nimeidhania dharau.

Mikono hiyo haikutulia mara moja. Alisukuma tena, nikaita "Shemeji!", akacheka, akalegeza. Ubao wa kwanza ulitoka na wimbi upande mmoja. Alinionyesha nilipoharakisha, basi, hakuongeza neno. Uliofuata ukanyooka.

Siku misumari ilipohitajika ilibidi aende Mpanda mwenyewe. Kabla ya kuondoka alinikabidhi uzi wa kupigia mstari, ambao hakuwahi kumwachia mtu, akamwomba Mzee Maselino anishikie upande wa pili wa msumeno. Aliporudi mawingu yalikuwa yametanda. Nikasimama kando ya mbao zangu nikisubiri azikague moja moja kama kawaida yake. Akazipita.

"Shemeji, umekula?" akaniuliza.

Nilizunguka nyuma ya jukwaa nikafuta macho, nikasingizia unga wa mbao. Mvua ya kwanza ilikuta paa limeshapigwa misumari.

Basi mwanangu, ukisimamiwa kupita kiasi, usifunge mzigo kabla hujasema. Sema mkiwa wawili, kwa heshima, ueleze kazi inavyoumia, usimweleze yeye alivyo mbaya. Huenda naye kuna mahali aliungua. Akikataa kusikia, hapo ndipo ufunge mzigo, na hakuna atakayekulaumu. Na siku ukipewa watu, waonyeshe mstari, kisha waache wavute. Kosa lao lisahihishe ubao ukiwa chini, wala usimsimange mtu kwa kosa la jana.

Mungu akujalie mkubwa anayesikia, nawe ukiwa mkubwa akujalie mikono inayojua kutulia. Nenda salama kazini kwako.

Lakini ngoja kwanza. Umekula?