Mnadishaji Aliyeiogopa Tamaa Yake

Wiki iliyopita tulimzika huko Bunju mnadishaji wa kanisa letu, na wasomaji wangu mtanivumilia, maana naandika haya wivu ukiwa bado umenikaa kooni. Nilipopiga simu kutoa pole, mjane hakunipa hata nafasi ya kumaliza. "Shemeji, kesho utasema wewe kwa niaba ya marafiki. Maneno si unayajua?" Nilikubali haraka mno. Kesho yake nikakuta maturubai yamejaa hadi barabarani: walimu, mafundi, wauza samaki, Waislamu kwa Wakristo, wote macho mekundu. Nikajiuliza ni nani atakayekuja kwangu siku yangu ikifika. Miaka yote hii nasumbuka na sentensi, nasomwa na watu wasionijua sura. Mwenzangu alikuwa akinadi kuku na mikungu ya ndizi, na mji mzima ukampenda. Iliniuma.

Kwa wasiojua desturi yetu, asiye na fedha ya sadaka huleta alichovuna au alichofuga, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Mnadishaji ndiye anayeamua bei ifungwe lini. Jumapili moja aliletwa jogoo mwekundu, mnene, anayetembea kwa maringo. Marehemu alimwinua, akamtazama. Kisha akatangaza, "Jamani, huyu namtaka mie. Nikiendelea kunadi, nitaufunga mnada upesi nimpate kwa bei ya kutupa. Aje mwingine anadi." Watu walicheka. Akashuka, akasimama nasi, akataja bei zake, akashindwa. Jogoo nilimchukua mimi, na sina hata banda. Baadaye nikamfuata na elimu yangu: "Braza, kutamani si dhambi. Hata Bwana Yesu alijaribiwa." Akanijibu, "Yeye alishinda, kaka. Mie pale nilikuwa nshaanza kuonja mchuzi."

Mitaani kwetu mtu akishikwa na cha watu husema shetani alimpitia, utadhani yeye alikuwa amesimama tu kituoni akingoja usafiri. Akifukuzwa kazi au akiuguliwa na mtoto husema yuko kwenye majaribu, na hapo hasemi uongo, kanisani tutamwombea. Ila vile vishawishi vinavyoota ndani yetu wenyewe, hivyo hatuviombei kwa sauti. Imani inafundisha kwamba kushawishiwa si kuanguka, kuanguka ni kuridhia, na wengi wetu tumeigeuza tofauti hiyo kuwa ruhusa ya kukaa karibu na tunachokitamani tukijisifu kwamba hatujakigusa. Marehemu hakujiamini kiasi hicho. Hilo nalo nilimwonea wivu, kwa sababu mimi najiamini sana.

Basi mazishini mchungaji akaniita. Mfukoni nilikuwa na hotuba tamu, niliyoijaribu mbele ya kioo, na nilijua kabisa ilikuwa ya nani. Nilitaka watu watoke pale wakisema yule mwandishi ameongea. Nilishika kipaza sauti, nikawatazama wote wale waliokuja kwa ajili yake. Mbele yangu alikaa bibi mmoja jirani yake, Mwislamu wa hapo hapo mtaani, aliyempikia uji tangu alipoanza kuugua. Nikamwendea, nikampa kipaza sauti. "Shikamoo, bibi. Naomba useme wewe." Akaitikia marahaba, akasimama taratibu. "Uji wangu ukiungua, alikuwa anaumaliza wote," alisema. "Halafu ananiambia, bibi, leo umeungua. Sasa mie nani ataniambia kweli?" Akaketi.

Watu walicheka, kisha wakaangua kilio. Nami nikamwonea wivu hata bibi yule, palepale, hotuba yangu ikitota jasho mfukoni. Hadi leo haujaniisha. Nilikuwa nikidhani kishawishi hushindwa siku tamaa inapokufa. Kumbe mtu hushinda angali anatamani, kipaza sauti kikiwa mkononi mwa mwingine.